Ombi la Pumzi Moja

Mke wa Kengele aliinama kutoa jiwe kiatuni, na kiatuni hamkuwa na jiwe. Alikivua, akakikung'uta, akachungulia ndani kama mtu aliyedondosha hereni, kisha akakikung'uta tena. Mumewe alikuwa amesimama kando yake, mkono mmoja ukutani, akivuta hewa kwa mdomo. Asubuhi ilikuwa na baridi, lakini shingo ya yule bwana ilikuwa imelowa jasho.

"Bado?" mke aliuliza bila kuinua uso.

"Kidogo."

Basi akavua na cha pili.

Jirani yao, mwanamke mmoja mnene ambaye mdomo wake haukujua likizo, alipita na ndoo kichwani akitoka bombani. "Ala! Leo tena mawe? Shoga, hivyo ni viatu au machimbo?"

"Machimbo, jirani. Siku nikipata dhahabu nitakuita."

Jirani akacheka, akapita zake. Na hiyo ndiyo ilikuwa shabaha yenyewe, watu wacheke wapite. Kutoka mlangoni kwao hadi geti la kiwanda hapakuwa mbali, mtoto angekimbia akarudi bila kuhema. Kengele alihitaji kupumzika njiani mara kadhaa, na kila mara mkewe alibuni sababu. Leo jiwe, kesho amesahau kitu nyumbani na anasimama kukumbuka, keshokutwa anamgombeza mumewe katikati ya njia kwa kosa la kutunga, naye mume anainamisha kichwa kama mwenye hatia, kumbe anatafuta pumzi.

Getini walisimama msimamizi wa zamu na nesi wa kiwanda. Hapo Kengele alijaza kifua, akafunga mdomo, akapita akitabasamu. Akishaingia ndani hakuna tena wasiwasi, kwa sababu mashine za kuchambua pamba zina kelele ya kumficha mtu hata akikohoa mpaka machozi. Mkewe alibaki nje ya geti akimtazama mgongo, na alipotokomea ndipo naye akapumua.

Kiwanda kilikuwa cha mablanketi. Blanketi ni kitu kizuri ukilala ndani yake, lakini kabla halijawa blanketi ni vumbi, na vumbi hilo huingia puani, machoni, kwenye chakula, na mwisho kifuani, nako huwa halitoki. Kengele alikuwa amelivuta ujana wake wote na utu uzima wake wote. Jina hilo wenzake walimpa kwa sababu hakuna siku kengele ya zamu ililia yeye hajafika.

Sasa kifua kilikuwa kimekwisha. Yeye alijua, mkewe alijua. Mtu aliyeharibika kifua akionekana na nesi, huandikiwa kwamba hafai, na asiyefaa huachishwa kazi, na aliyeachishwa kazi hutoka kwenye kota za kiwanda. Kota yenyewe ni chumba kimoja na kibaraza. Lakini ukutani mwa hicho chumba kimoja binti yao alijifunza kusoma, na kwenye hicho kibaraza mama alifua nguo za makapera wa kiwanda wakapata cha kuongezea sufuriani. Pa kwenda hawakuwa napo. Kwao mume hakubaki mtu. Kwao mke alibaki kaka, na huyo kaka alishasema waziwazi kwamba nyumba yake ina mke wake na inatosha.

Tumaini lilikuwa moja tu, nalo lilikuja mara moja kwa mwaka, Mei Mosi. Mzee mwenye kiwanda, marehemu sasa, siku moja ya Mei Mosi alipata furaha akamwambia mfanyakazi bora mbele ya watu wote, "Omba kitu kimoja, chochote, nitakupa." Yule akaomba baiskeli, akapewa. Tangu hapo ikawa desturi. Mwingine aliomba mabati, mwingine cherehani ya mkewe, kuna hata kapera mmoja aliyeomba mchumba, akaambiwa hilo ajitahidi mwenyewe, aombe kingine. Ombi likitamkwa kwenye kipaza sauti mbele ya kiwanda kizima, halikataliwi. Bosi Mdogo, mtoto wa marehemu, hakuipenda desturi hiyo hata kidogo, ila kuifuta mbele ya watu aliogopa.

Na mfanyakazi bora ni yule ambaye kutoka Mei Mosi hadi Mei Mosi hajakosa zamu. Kwa hiyo mtu anayekufa kwa kifua alijikaza kisabuni mwaka mzima, asikose hata siku moja, ili siku ya wafanyakazi apande jukwaani aombee familia yake pa kulala.

*

Mkewe, ili asibahatishe, alikwenda kuuliza kwenye ofisi ya nyumba. Alikuta karani anakata kucha. Alisimama. Karani alimaliza mkono wa kushoto, akahamia wa kulia.

"Sema, mama."

"Nina jirani yangu," alianza. "Mumewe hana afya. Alitaka kujua, Mungu apishe mbali, ikitokea… mke anaweza kubaki kwenye chumba? Kodi atalipa mwenyewe."

"Kota ni ya mfanyakazi, mama. Siyo ya mke wa mfanyakazi."

"Hata kwa muda? Ana mtoto anasoma."

"Watoto wote wanasoma." Karani akapuliza kucha zake. "Labda Bosi mwenyewe aseme. Akisema yeye, mimi ni nani?" Halafu akainua macho kwa mara ya kwanza, akamtazama vizuri. "Huyo jirani yako yuko mstari gani?"

"Ule wa… wa kule chini."

"Mumewe anakohoa?"

"Tumbo," alisema upesi. "Ni tumbo linamsumbua."

Alitoka mle ofisini upesi. Alikasirika na karani, akakasirika na kucha zake, halafu akajikasirikia mwenyewe kwa kuwa alisema "asante" wakati wa kutoka. Lakini alikuwa amepata alichokitaka. Bosi akisema, imetosha.

*

Jina lilipotangazwa kiwandani kwamba mfanyakazi bora ni Kengele, Mrefu, mwenzake wa mashine ya pili, alimbeba juujuu mpaka Kengele akamwomba amshushe, akisingizia kizunguzungu. Jioni hiyo nyumbani hawakusherehekea, walifanya mazoezi.

"Simama pale," mke alisema. "Mimi ndiye Bosi Mdogo. Omba."

Kengele alisimama katikati ya chumba, kati ya kitanda na meza. "Bosi, ndugu wafanyakazi wenzangu, ninaomba kwamba endapo siku moja sitakuwepo kazini, chumba changu waachiwe mke wangu na…" Kikohozi kikamkata. Alikaa kitandani, kitambaa mdomoni, mabega yakipanda na kushuka. Binti aliinuka kumletea maji, mama akamwashiria angoje.

"Ni ndefu mno," mke alisema. "Hiyo ni hotuba. Wewe si mbunge."

"Nitaanzaje kuomba bila kumsalimu mtu?"

"Salamu wataleta wengine. Wewe omba."

Wakaikata. Wakatoa Bosi, wakatoa ndugu wafanyakazi. Wakatoa "endapo siku moja sitakuwepo", na hapo mke alishukuru kimoyomoyo, maana maneno hayo yalikuwa yanamchoma. Ikabaki, "Ninaomba chumba changu waachiwe mke wangu na binti yangu." Akajaribu. Pumzi ikamwishia kwenye "mke wangu".

"Mnitoe mimi," binti alisema. Alikuwa darasa la mwisho, mwenye haya kupita kiasi, lakini kwa sentensi alikuwa hodari. "Mama akibaki, nami nimebaki. Sema, 'Chumba abaki nacho mke wangu.' Basi."

Kengele alivuta hewa. "Chumba abaki nacho mke wangu." Akaimaliza, na pumzi ikabaki kidogo ya kutabasamia. Akairudia. Akairudia tena akitembea, akiwa amekaa, akiwa amempa mkewe kisogo. Ilikaa ndani ya pumzi moja, barabara.

Walipokula, binti alimwomba baba awasimulie habari ya Mei Mosi, maana aliisimulia kila mwaka siku kama hizi na hakuna aliyemzuia. Safari hii alisimulia kwa vipande, akipumzika.

"Huko nchi za baridi," alisema, "mwezi wa tano ndiyo baridi inakwisha. Maua yanatoka. Zamani siku hiyo ilikuwa ya kuchuma maua na kucheza ngoma, hakuna cha wafanyakazi wala nini… Sasa wafanyakazi wa mji mmoja wa huko wakachoka. Wanaingia kiwandani jua halijatoka, wanatoka limezama. Watoto hawawajui baba zao kwa sura. Wakaweka zana chini siku hiyohiyo ya maua. Wakasema, masaa manane ya kazi, masaa manane ya kulala, na masaa manane yetu wenyewe."

"Wakapewa?"

"Wakapewa risasi. Likatokea na bomu, hata leo hajulikani aliyelirusha. Viongozi wao wakakamatwa, wengine wakanyongwa. Lakini dunia nzima ikasikia, ndiyo maana hata sisi huku tunaandamana."

Binti alifikiri. "Na wewe unafanya masaa mangapi, baba?"

"Kumi na mawili."

"Mbona siyo manane?"

"Ni manane. Yale manne ni ovataimu."

"Ovataimu ni lazima?"

"Wala! Ni hiari. Ukikataa kwa hiari yako, na wao kwa hiari yao wanakufukuza."

Walicheka wote watatu, Kengele mpaka akakohoa. Mkewe alimsugua mgongo. "Ukitoa na ya kulala unabakiwa na masaa manne yako mwenyewe," alimwambia, "na hayo nayo unakohoa." Alisema kwa utani. Halafu akaenda kuosha vyombo nje ingawa walikuwa hawajamaliza kula, akakaa huko kitambo.

*

Mei Mosi ikaja na jua lake. Wafanyakazi walipewa fulana na kofia zenye nembo ya kiwanda. Wakajipanga getini kwa vitengo, mbele bango refu lililoandikwa "Mfanyakazi ni Nguzo ya Uzalishaji", na bango hubebwa na mfanyakazi bora, upande mmoja yeye, upande wa pili mtu amtakaye. Kengele alimtaka Mrefu.

"Panda lori," mkewe alimnong'oneza. "Wazee wamepanda."

"Bora wa mwaka apande lori? Watauliza ana nini."

Siku zote mke ndiye aliyefundisha kuficha, angemwambia nini? Aliandamana pembeni, kwenye kundi la wanawake na watoto, jicho likiwa kwenye bango. Lilianza limenyooka. Walipofika sokoni upande wa Kengele ulikuwa umeshuka, na Mrefu, bila kujua kwa nini, alishusha na wake ili maandishi yasiende mshazari. Safari hii hapakuwa na jiwe la kumsaidia. Mtu hawezi kusimamisha maandamano ya kiwanda kizima kwa ajili ya kiatu.

Uwanjani wageni walikaa chini ya turubai, kwenye viti vyenye mito. Wafanyakazi walisimama juani, siku ikiwa yao. Mgeni wa heshima alisoma hotuba. Alisema wafanyakazi ni nguzo, akasema tena kwamba ni nguzo. Ya masaa manane hakuigusa. Kengele alikaa kwenye ngazi za jukwaa, kofia machoni, na mkewe kutoka pale alipobanwa na watu aliona fulana yake inavyocheza kifuani, juu, chini, juu, chini, upesi kuliko inavyotakiwa.

"Na sasa," mshereheshaji alipaza sauti, "jembe letu! Mtu ambaye kengele yenyewe humwamkia! Mwaka mzima hajakosa zamu! Apande aombe!"

Watu walipiga makofi na miluzi. Kengele akapanda ngazi akishika kila nguzo aliyoiona. Bosi Mdogo akampa mkono, wakapigwa picha, akamwekea kipaza sauti mdomoni.

"Haya, mzee wangu. Ombi moja."

Mkewe alikuwa anaitamka naye kwa midomo, bila sauti. Chumba abaki nacho mke wangu. Binti alimshika mkono.

"Chu…" Kengele alisema, na kikohozi kikaja.

Kile kikohozi walichokificha mwaka mzima chini ya kelele za mashine, nyuma ya mawe na ugomvi wa uongo, sasa kilitoka kwenye maspika manne na kuenea uwanja mzima. Kilikwenda kikarudi. Watu waliokuwa wakipiga miluzi wakanyamaza. Nesi wa kiwanda, aliyekuwa turubaini, akageuza kichwa. Kengele aliinama, akainuka, akafungua mdomo, macho yamemtoka, mkono ukipapasa hewani.

"Maji," alisema.

Ilisikika safi kabisa. Na Bosi Mdogo, sitaki kumsingizia kwamba alipanga, lakini mtu akiona mlango umefunguka huingia, alikivuta kipaza sauti kwake akacheka. "Maji! Jamani, mzee wetu hana makuu! Ombi limekubaliwa! Mleteeni maji!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Watu hawakucheka kwa ubaya. Walikuwa wamesimama juani tangu asubuhi, kikohozi kile kilikuwa kimewatia hofu, na sasa walipewa ruhusa ya kucheka. Mrefu alicheka mpaka akamwegemea mtu. Bendi ikapiga. Mwanamke mmoja akapandisha chupa ya maji, Kengele akanywa, akayumba, vijana wawili wakamshusha upande wa nyuma.

Mkewe alikuwa ameshaanza kusukuma watu. "Hakuomba maji!" alipiga kelele. "Siyo maji!" Nani angemsikia na tarumbeta zile? Alimfikia Bosi Mdogo wakati anashuka, akamshika mkono wa koti, kitu ambacho maishani mwake hakuwahi kukifanya kwa mtu yeyote.

"Bosi, samahani. Yule ni mume wangu. Maji alikuwa anataka tu kunywa. Ombi lake ni chumba. Tubaki kwenye chumba."

"Mama, tulia."

"Alikosa pumzi tu, Bosi. Mrudishie kipaza sauti. Neno moja tu."

"Watu wote wamesikia alichosema," Bosi Mdogo alisema, tena kwa upole. "Nikimrudishia yeye, kesho wote walioomba baiskeli watakuja kubadilisha wapate pikipiki. Ila yule mzee anaumwa, nimeona mwenyewe. Kesho nesi amwangalie, nitaagiza." Akatazama huku na huku, akachukua kofia mezani, akampa. "Chukua, mama. Jua kali."

Na yeye akaipokea. Hilo ndilo lililomliza baadaye kuliko yote, kwamba aliipokea kwa mikono miwili.

*

Walimrudisha Kengele nyumbani kwa lile lori alilolikataa. Alilala mpaka alasiri. Alipofumbua macho, mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, na binti mlangoni.

"Nilisema?" aliuliza.

Mkewe hakuelewa mara moja.

"Mimi nakumbuka nimeanza. 'Chumba…' Halafu sikumbuki. Ila nilimsikia Bosi akisema limekubaliwa. Nilimsikia kwa masikio yangu." Alimtazama usoni, na uso wake ulikuwa kama wa mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. "Niliimaliza?"

Binti alifungua mdomo. Mama akamwahi.

"Uliimaliza, mume wangu. Yote. Kwa pumzi moja."

"Na wakacheka kwa nini?"

"Walifurahi. Watu wamezoea kuomba baiskeli. Wewe umemwombea mkeo."

Kengele alifumba macho, na machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni. Hakuyafuta. "Sasa kifua kifanye kitakavyo," alisema.

Kesho yake nesi alikuja, akasikiliza kifua, akaandika alichoandika. Mjumbe wa ofisi ya nyumba hakuingia ndani, alimwambia mama pale bombani, mwisho wa mwezi wawe wametoka. Alimwambia mbele ya jirani mnene. Mara hiyo jirani alimtwisha mwenzake ndoo tu.

Jioni Mrefu alikuja kumjulia hali rafiki yake. Kengele alimshika mkono akamwambia, "Sasa hiki ni chao. Nikiondoka leo, nikiondoka kesho, hiki ni chao. Ulisikia mwenyewe?"

Mrefu alimtazama mke wa Kengele. Yule mama hakukonyeza wala hakutikisa kichwa, alimtazama tu.

"Nilisikia, kaka," Mrefu alisema. "Tulisikia wote, mpaka waliokuwa nyuma kabisa." Akaaga, akatoka, akasimama kibarazani kati ya nguo za makapera zilizoanikwa, akalia kwa kujificha humo.

Baada ya hapo wakaja wengine wa mstari mzima, mmojammoja, na kila mmoja akaulizwa, na kila mmoja aliyecheka uwanjani akajibu kwamba alisikia. Hakuna aliyewapanga. Na mke wa Kengele, akiwapokea na kuwasindikiza, alikuwa na ombi lake mwenyewe ambalo hakumwambia mtu yeyote. Alimwomba Mungu mumewe asiufikie mwisho wa mwezi. Alimpenda mume wake, na aliomba hivyo, na alijiona mchawi kwa kuomba hivyo, na asubuhi iliyofuata aliomba tena.

Siku moja Kengele aliamka ana nafuu kidogo. Akaegemea mto, akazungusha macho chumbani taratibu kama mwenye mali.

"Kile kioo chako," alimwambia mkewe. "Tangu nikuoe unajitazama umeinama."

Kioo kilikaa sakafuni kimeegemezwa, kwa sababu kwenye kota ni marufuku kupigilia msumari ukutani. Mtu akitoboa, hulipishwa ukuta mzima.

"Mwanangu," Kengele alimwita binti, "azima nyundo kwa Mrefu. Na msumari mnene. Hapo, juu ya meza. Ni kwetu sasa, nani atatuuliza?"

Binti alimtazama mama yake. Vitu viwili vitatu vilikuwa tayari vimefungwa ndani ya shuka chini ya kitanda, na ni yeye aliyevifunga.

"Nenda kaazime," mama alisema.

Binti akaenda, akarudi, akapanda juu ya meza. Akauweka msumari ukutani.

"Juu kidogo," Kengele alisema. "Mama yako ni mrefu. Hapo hapo."

Binti hakupiga. Aligeuka, akamtazama mama yake tena, nyundo ikiwa hewani.

"Gonga, mwanangu," mama alisema. "Si umemsikia baba yako? Gonga."